Kiva: dola 25, picha ya mama muuza samaki, na jirani anayemjua

Huku Ohio baridi imeshaanza kuuma na masweta yote yametoka kabatini.

Shangazi na akina mama wa kikundi pale Muheza mmenipa swali la kujibu. Kuna kijana wa mjini amewaambia kwamba mkiwa na tovuti, wafadhili wa Ulaya na Marekani watawaona na pesa zitaanza kuingia. Kwa kazi hiyo anataka laki nne. Mnataka niseme ndiyo au hapana, na laki nne ni akiba yenu ya miezi mingapi sijui. Jibu lake haliwezi kutosha kwenye simu, maana lina historia ndefu nyuma yake. Leo niko off, nimelala vya kutosha baada ya shifti tatu za usiku, kwa hiyo nitaisimulia historia hiyo polepole. Mwenye haraka aruke hadi mwisho, sitamlaumu!

Tovuti yenyewe inaitwa Kiva. Ndiyo ambayo watu wa huku huitaja kwanza ukiwauliza intaneti imewasaidia vipi maskini na wafanyabiashara wadogo. Wenye Kiva wanaeleza kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya umoja au mapatano. Mimi niliyezaliwa Muheza na kusomea Tanga nimezoea kusikia umoja, ushirika, mapatano, maelewano. Kiva sijapata kulisikia likitamkwa sokoni, wala harusini, wala kwenye kikao cha ukoo. Lakini jina limeshika na tuwaachie.

Chanzo chake ni hivi. Mwaka 1976 huko Bangladesh, mwalimu wa uchumi aitwaye Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 kutoka mfukoni mwake. Walirudisha. Kutokana na majaribio hayo ikaja Grameen Bank, iliyokuwa benki kamili mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Yunus mwaka 2006. Mwaka 2003 Yunus alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, na mmoja wa waliomsikiliza alikuwa dada mmoja mfanyakazi wa chuo hicho, Jessica Jackley. Yaliyosemwa yalimgusa, akaacha kazi, na mwaka 2004 akaja kwetu Afrika Mashariki kufanya kazi na shirika lililokuwa likiwapa watu ruzuku ndogo za kuanzishia biashara. Mumewe, Matt Flannery, alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta. Alipokuja kumtembelea mkewe wakaanza kujiuliza: mbona watu hawa hawaombi sadaka? Wanachotaka ni mtaji, na wako tayari kuurudisha.

Mwaka 2005 wakaweka kwenye tovuti yao watu saba wa Tororo, mashariki mwa Uganda, pale karibu na mpaka wa Kenya. Mmoja muuza samaki, mwingine mfugaji wa mbuzi, na wengine wenye biashara za namna hiyo. Wote saba kwa jumla walihitaji dola 3,500. Wakawaandikia baruapepe ndugu na marafiki, na pesa zikapatikana katika siku chache. Ilipofika vuli mikopo yote saba ilikuwa imelipwa, na Kiva ikafunguliwa rasmi kwa umma mwezi Oktoba 2005.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Unaingia, unaona picha ya mtu na maelezo mafupi ya biashara yake, unachangia kuanzia dola 25, wenzako wanachangia mpaka kiasi kinatimia. Yeye akilipa, pesa yako inakurudia bila riba. Kwa nini bila riba? Si kwa huruma tu. Kwa sheria za Marekani, mkopo wa riba unaotolewa na watu wengi namna hiyo ungeweza kuhesabiwa kuwa ni uwekezaji, na hapo utahitaji vibali na wanasheria ambao vijana wale hawakuwa na uwezo wa kuwalipa.

Sasa angalieni makampuni yalivyoingia. Kutuma dola 25 kwa kadi kunagharimu, na makato yale yangeimaliza Kiva kabla haijatambaa. Kampuni ya PayPal ikakubali kuwapitishia malipo bure. Mmoja wa wafanyakazi wa PayPal, Premal Shah, akaacha kazi akaenda kuwa rais wa Kiva. Naye Reid Hoffman, mwanzilishi wa LinkedIn aliyewahi kuwa PayPal, akaingia kwenye bodi. PayPal ilipata nini? Jina zuri, na maelfu ya watu wenye moyo wa kutoa waliozoea kulipa kupitia kwao. Mimi sioni ubaya hapo. Ila ni vizuri kujua kwamba msaada wa kampuni una hesabu yake, na aliyeandika hesabu hiyo anajua kuijumlisha.

Tarehe 31 Oktoba 2006 televisheni ya PBS ilionyesha kipindi kuhusu Kiva na wakopaji wa Uganda, na watu wakaingia kwa wingi hadi tovuti ikazidiwa. Septemba 2007 Bill Clinton aliwataja katika kitabu chake, na wakatokea kwenye kipindi cha Oprah. Hapo kikatokea kioja ambacho wengi wetu nyumbani tungekiona ndoto: wakopeshaji wakawa wengi kuliko wakopaji! Ilibidi Kiva iweke kikomo cha dola 25 kwa kila mkopeshaji ili angalau kila mtu apate wa kumkopesha. Pesa zipo, tovuti ipo, wa kupewa hawaonekani. Na kwetu kila kona kuna mama anayetafuta mtaji. Tatizo lilikuwa wapi basi?

Hapa ndipo naomba shangazi asome taratibu, ikibidi mara mbili.

Tovuti haiwezi kumjua mama wa Tororo. Haijui kama kweli anauza samaki, kama ana madeni mengine, kama mumewe atazichukua zile pesa jioni hiyohiyo. Anayejua ni mtu wa pale pale. Kwa hiyo tangu mwanzo Kiva ilifanya kazi kupitia washirika wa mashinani, yaani taasisi za mikopo midogo zilizokwishakuwa na maofisa, pikipiki, madaftari na vikundi. Kwa Dar es Salaam, Tujijenge Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Kenya wapo Juhudi Kilimo, ambao huwakopesha wakulima ng'ombe wa maziwa, na One Acre Fund, walioanza Bungoma mwaka 2006 na hukopesha mbegu na mbolea badala ya fedha taslimu. Kila mshirika mpya lazima achunguzwe vitabu vyake kwanza, na huwezi kuchunguza vitabu vya mtu kwa siku mbili. Ndiyo maana mwaka 2007 pesa za Wamarekani zilipanga foleni.

Na mshirika huyo hafanyi bure. Mkopeshaji wa Ohio hapati riba, lakini mama anayekopa anailipa. Inakwenda kwa taasisi inayomhudumia, na katika biashara ya mikopo midogo riba ya asilimia 30 kwa mwaka na zaidi si ajabu. Watu wa huku wakisikia hivyo hushtuka sana. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilikasirika, halafu nikafanya hesabu. Ofisa anayetoka mjini kwa pikipiki kwenda kijijini kila wiki kukusanya marejesho ya mkopo wa laki mbili anatumia mafuta yaleyale ambayo angetumia kwa mkopo wa milioni ishirini. Mshahara wake, mafuta, karatasi, watakaoshindwa kulipa, yote yanatoka kwenye ile riba. Tena mshirika akipokea kwa dola na kukopesha kwa shilingi, shilingi ikianguka hasara inaweza kumwangukia yeye. Sisemi riba hiyo ni nzuri, maana nimeona mikopo ya namna hiyo ikiuza mabati ya watu. Nasema tu kwamba ule ujirani wa kumjua mkopaji una bei, na kwenye ukurasa wenye picha nzuri bei hiyo haikuonekana waziwazi.

Jambo kubwa zaidi lililofichika lilitoka hadharani Oktoba 2009. Mtafiti mmoja wa Washington, David Roodman, aliandika kwamba Kiva si kama inavyoonekana. Watu wengi walikuwa wakiamini kwamba wakibonyeza kitufe, dola zao 25 zinasafiri mpaka kwa mama yule wa kwenye picha. Kumbe mara nyingi mama alikuwa ameshapewa mkopo wake na taasisi ya kule kabla picha yake haijawekwa. Pesa ya mkopeshaji ilikuwa inairudishia taasisi ile mtaji wake, ili ikakopeshe mwingine. Taarifa hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya tovuti kwa anayetafuta sana, lakini maneno ya mbele yalisema kingine. Kiva ilibadili maelezo yake. Zamani walisema unamkopesha mjasiriamali fulani, baadaye wakasema wanawaunganisha watu kupitia mikopo.

Wapo waliosema ni utapeli. Mimi siamini hivyo. Mama mwenye mbuzi anayeugua hawezi kungoja watu kumi wa Texas na Ohio wamalize chakula cha jioni ndipo apate dawa ya mbuzi. Kumpa kwanza na kutafuta fedha baadaye ni busara. Kosa lilikuwa kuwaacha watu waamini hadithi tamu zaidi kwa sababu hadithi tamu inaleta pesa. Roodman mwenyewe aliieleza vizuri ile hali: watoaji wanataka kumwona mtu mmoja mwenye uso, na shirika linawapa wanachotaka.

Kuhusu hizo nyuso nina neno kama muuguzi. Hospitali tunayofanyia kazi huku, nikimpiga picha mgonjwa na kuituma hata kwa rafiki mmoja, nimefukuzwa kazi na leseni yangu iko hatarini. Siri ya mgonjwa ni yake. Sasa kuna usiku mwenzangu wa wodini, Mmarekani mwenye roho nzuri kabisa, alinionyesha kwenye simu yake mama wa Kenya aliyemkopesha: jina, picha, idadi ya watoto, kiasi anachodaiwa. Nilimshukuru, na moyoni nikajiuliza kama angekubali deni la gari lake liwekwe mahali ambapo Muheza nzima italisoma. Wakopaji huombwa ridhaa, hilo ni kweli. Lakini ridhaa ya mtu aliyekaa mbele ya ofisa wa mkopo si sawa na ridhaa ya mtu aliyeshiba.

Tena picha hizo zina kazi yake. Mwaka 2015 wachumi watatu walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Kiva, na waligundua kwamba wakopeshaji walielekea kuwachangia haraka zaidi wenye sura za kuvutia, wembamba, na wenye ngozi isiyo nyeusi sana. Msishangae. Nafuu yake ni ile niliyoeleza juu: kwa kuwa mkopo ulikuwa umeshatolewa, mama mnene mweusi kama sisi hakukosa mtaji wake kwa ajili ya picha.

Lipo la kuchekesha pia. Mwaka 2008 Kiva iliwaruhusu wakopeshaji kuunda timu. Basi kukawa na timu ya wasioamini Mungu na timu ya Wakristo, na kwa miaka mingi zimeshindana ipi imekopesha zaidi! Makampuni nayo yakaunda timu za wafanyakazi. Ushabiki huo umeingiza fedha nyingi kuliko mahubiri ya kuwaonea watu huruma, na ukiwajua watu wa Simba na Yanga utaelewa mara moja.

Kiva ilijaribu kuacha kumtumia mshirika wa kati. Kuanzia mwaka 2011 walikuwa na mradi ulioitwa Kiva Zip, Kenya na Marekani. Kenya ilichaguliwa kwa sababu ya M-Pesa, ambayo Safaricom iliizindua Machi 2007. Mkopo ungeingia moja kwa moja kwenye simu ya mkopaji, bila riba, bila ofisa wa pikipiki. Badala ya taasisi, mtu au kikundi kinachoaminika kingemdhamini kwa maneno tu. Mimi nilipousoma mradi huo nilifurahi, nikasema hii ndiyo yenyewe. Lakini marejesho ya Kenya hayakufikia yale yaliyopitia washirika, ambayo kwa Kiva nzima ni kama asilimia 96. Baada ya miaka michache upande wa Kenya ulifungwa, ule wa Marekani ukaendelea. Simu ilipeleka pesa kwa sekunde. Kwenda kugonga mlango na kuuliza "mama, wiki hii vipi?" simu haikuweza.

Kwetu jambo hilo tunalijua zamani. Mchezo wa upatu unaendeshwa na nini kama si kujuana? Vikoba navyo vina asili hiyohiyo. Mfumo wake ulianzishwa na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991 kwa akina mama waliokuwa wakiweka akiba wenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umefika Zanzibar, kisha ukaenea bara. Hakuna mzungu, hakuna picha. Kuna sanduku, kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti.

Kiva yenyewe haijabaki ile ya Tororo. Imeshapitisha mikopo ya zaidi ya dola bilioni mbili, na imekuwa shirika kubwa lenye ofisi na mishahara mikubwa. Ilianza kuwatoza ada taasisi washirika, na mwaka 2021 baadhi ya wakopeshaji wake wa miaka mingi waligoma, wakasema hawatakopesha tena mpaka waelezwe ada hizo zinakwenda wapi na mwisho wake zinalipwa na nani. Swali zuri. Mimi ninalo jibu langu kuhusu nani anazilipa mwishoni, na nadhani shangazi naye analo.

Sasa laki nne. Shangazi, mama zangu, jibu langu ni hapana, msimpe. Kijana huyo si lazima awe mwizi. Anachouza kipo, ila hakifanyi anachosema. Watu hawakuifuata Kiva kwa kuwa tu ilikuwa na tovuti. Walifuata ndugu na marafiki waliokwishawaamini, halafu televisheni, halafu taasisi zenye vitabu vilivyokaguliwa. Tovuti ya kikundi cha watu kumi na wanane wa Muheza itakaa pale kama duka lililofunguliwa porini.

Ipo pesa karibu zaidi na isiyo na riba. Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mkali zaidi. Ofisa maendeleo ya jamii atataka cheti cha usajili, katiba ya kikundi, akaunti ya benki na daftari la mahudhurio na akiba. Hata siku moja mkitaka mshirika mkubwa, awe Kiva au mwingine, atataka vitu hivyohivyo. Wodini kwetu tuna sheria kwamba dawa isiyoandikwa kwenye faili haikutolewa, hata kama mgonjwa mwenyewe anakubali kwamba ameimeza. Ndivyo mfadhili naye anavyofikiri.

Kwa kuuza machungwa ni jambo jingine. Hapo picha zinasaidia, na hazihitaji laki nne. Mdogo wangu ana simu nzuri. Afungue ukurasa wa WhatsApp wa biashara, aweke bei ya gunia na siku za mavuno, aupeleke kwa wenye mahoteli na maduka ya juisi Tanga na Dar. Apige picha machungwa, watoto awaache.

Nisomeeni haya kwenye kikao cha Jumamosi, hasa kwa bibi ambaye macho yamemchosha. Kisha nipigieni picha za daftari, kurasa zote kuanzia Januari, hata zile zilizomwagikiwa chai. Jumanne ninatoka shifti asubuhi, nitakaa nazo na kuzijumlisha.